Daktari akisomea mtihani wa Uingereza, tumfunge miguu?

Mwanzisha mada

Swali limeanzia barazani kwetu Bondeni, Mombasa, baada ya isha, nami nalileta hapa kabla halijapoa. Je, daktari aliyesomeshwa kwa pesa za umma azuiwe kutumia mtihani wa leseni ya ng'ambo mpaka awe ametumikia miaka kadhaa hapa nyumbani? Mzee mmoja jirani ndivyo anavyotaka, na njia anayo: Baraza la Madaktari la Kenya, KMPDC, limnyime ile barua ya kuthibitisha kwamba leseni yake haina doa. Pasipo barua hiyo GMC, baraza la madaktari la Uingereza, haimsajili mtu, hata awe amefaulu namna gani. Mzee si mjinga, mshipa ameushika.

Anayesemwa ni binamu yangu. Hakutajwa jina, lakini sote tuliangalia chini.

Kwa wasioujua, mtihani wenyewe unaitwa PLAB, nao una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali 180 kwa saa tatu, dakika moja kila swali. Ya pili inafanyiwa Manchester: unapita vituo 16, kila kituo dakika nane, ndani kuna mgonjwa wa kuigiza na mtu wa kukupa alama. Ada ya hiyo ya pili pekee inakaribia pauni 1,000, tiketi na viza hujavigusa. Na kabla ya yote uwe umefaulu Kiingereza. Ukichagua IELTS, jumla ni 7.5 na hakuna kipengele kinachoruhusiwa kushuka chini ya 7.

Nyumbani mgonjwa wa kuigiza ni nyanya. Binamu akitoka zamu anabisha hodi chumbani kwake, anajitambulisha jina kamili na kazi yake, kisha anamwuliza nyanya jina na tarehe ya kuzaliwa. "Kwani leo hunijui?" Tarehe haijui, anasema ilikuwa Alhamisi na mvua inanyesha. Halafu lazima aulizwe ana wasiwasi gani, maana asipoulizwa alama zinapotea. Nyanya akajibu, "Sukari imepanda tena." Ikabidi daktari aulize ni ya damu au ya dukani. Ilikuwa ya dukani.

Mimi nasema asizuiwe. Kusomea mtihani si kosa. Lakini nipingeni.

Mama Likoni

Unasema hivyo kwa sababu ni wenu. Mie nilikaa na mwanangu kwenye benchi la hospitali moja ya umma tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa. Daktari alikuwa mmoja, na huyo huyo akiitwa wodini anaondoka. Alipopata nafasi nikamwona na simu, anabonyeza, anasoma, anabonyeza. Nikadhani anacheza. Kijana wa maabara ndiye aliyeniambia, "Anasomea mtihani wa kwenda Uingereza huyo."

Nilikasirika, siwafichi. Kila nikinunua kipande cha sabuni nalipa kodi, na kodi hiyo ndiyo iliyompa walimu na maiti ya kujifunzia. Upande mnazi wako, uupalilie miaka yote, siku ya kuangua madafu aje jirani na ngazi yake? Miaka mitatu tu atutumikie, kisha aende na baraka zetu.

Dakta wa zamu

Shikamoo mama, na pole kwa siku hiyo. Simu mbele ya mgonjwa ni kosa, simtetei mwenzangu.

Ila tuhesabu vizuri. Mkataba wa madaktari na serikali wa 2017 ulisema daktari intani, yule aliye mwaka wa mafunzo kazini baada ya chuo, alipwe shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikaja na 70,000, na hilo ni moja ya mambo yaliyotufanya tugome siku 56. Kuna vijana waliomaliza chuo wakakaa nyumbani miezi wakingoja kupangiwa hospitali. Na bila mwaka wa intani hakuna leseni ya Kenya, wala GMC haikupi usajili kamili. Sasa mnataka kumfunga kamba mtu ambaye kazi yenyewe hamjampa? Hizo pesa za umma nazo, sehemu yangu kubwa ilikuwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Unakatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi, na nikihama deni halifi.

Kuna na jambo jingine. Huku kwetu mgonjwa akiwa na saratani, watoto wanakuvuta ukumbini: "Dakta, mama asiambiwe." Nami nilikuwa nakubali, ndivyo nilivyowakuta wakubwa wangu wakifanya. Kule kwenye kituo cha mtihani, ukimpa mtoto habari za mama bila idhini ya mama, umejiharibia. Nilipoanza kufanya mazoezi nikaona haya. Siku hizi naingia kwa mama mwenyewe kwanza: "Majibu yakitoka, ungependa nimweleze nani?" Wengi wanasema, "Mwambie mwanangu mkubwa." Mwisho wake ni ule ule, lakini amechagua yeye. Hilo sikufundishwa wodini, nimelipata kwa kusomea mtihani wa Manchester, na wanaofaidi ni watu wa Kisauni.

Mzee wa Bondeni

Mzee mwenyewe ndiye mimi. Nilidhani ya barazani hubaki barazani, lakini haya.

Sikusema mtu afungwe bure. Kaunti ikimpeleka daktari kusomea ubingwa, humlipa mshahara akiwa masomoni, naye husaini kwamba atarudi atumikie miaka kadhaa. Mbona hilo hakuna anayeliita utumwa? Nataka utaratibu huo huo ushuke mpaka kwa daktari wa kawaida. Na Shirika la Afya Duniani lina kanuni yake tangu 2010, kwamba nchi tajiri zisiajiri kwa kuzikausha nchi zenye upungufu. Wao wenyewe wanajua ni aibu.

Mwanzisha mada

Mzee wangu, nisamehe, kesho kahawa juu yangu.

Kanuni hiyo inazungumza na serikali na mawakala. Haimkatazi mtu kuomba kazi mwenyewe, nayo ni ya hiari. Na mkataba wa ubingwa una pande mbili: kaunti inatoa, daktari anatoa, kalamu inashikwa kabla ya safari. Wako ni wa upande mmoja na unakuja baadaye. Ukimwambia mwanafunzi siku ya kwanza chuoni, "Tutakusomesha bure, tutakuajiri siku unayomaliza, nawe utatupa miaka mitatu," mimi nitasaini kuwa shahidi. Lakini barua ya Baraza inauliza kitu kimoja tu: huyu daktari ana kesi au hana? Kuinyima ili umkomoe ni kama kukataa kutoa ushahidi wa kweli kwa sababu hupendi anakokwenda anayeuhitaji.

Baharia mstaafu

Kijana wa mtaani akipata vyeti vya ubaharia akapanda meli ya Wagiriki, watu wanamsindikiza mpaka getini na mamake anapikia watu biriani. Daktari akifanya hivyo ni msaliti. Nieleweshwe.

Mama Likoni

Baharia, meli ikikosa wewe, mwanangu hafi.

Nilikwenda nikarudi

Mnagombania mlango unaofungwa kwa upande wa pili. Nilifaulu sehemu zote mbili, nikasajiliwa, nikaanza kuomba kazi. Niliacha kuhesabu baada ya maombi mia moja na kitu. Unalala chumba kimoja na wenzako wanne, Mnaijeria, Mpakistani, Mmisri, Mhindi, wote madaktari kamili, na kila asubuhi kila mtu na laptopu yake anatafuta tangazo lililotoka usiku. Tangazo linafungwa baada ya saa chache kwa wingi wa maombi. Julai 2025 serikali yao ikatoa mpango wa afya wa miaka kumi wa England na kusema wazi kwamba kwenye nafasi za mafunzo watatangulizwa waliosoma kwao. Mimi niko kliniki ya watu binafsi Nyali sasa, nalipa deni la safari. Mwambieni binamu ahesabu na kodi ya nyumba ya miezi sita, si ada ya mtihani tu. Watu wa vituo vya kufundishia hawataji hiyo.

Dakta wa zamu

Hilo ni kweli na linauma. Ndiyo maana wengine sasa wanageukia USMLE, mtihani wa leseni wa Marekani, ambayo ni safari ndefu zaidi na ya gharama zaidi.

Mama Likoni

Nimewasoma wote. Basi iwe miwili, na mshahara wake wote alipwe kwa wakati, na simu aifungie kabatini. Chini ya hapo sishuki.

Mwanzisha mada

Mama, kwa bei hiyo karibu tunaelewana, shida ni nani atatoa huo mshahara kwa wakati.

Binamu nimemsomea ya aliyekwenda akarudi. Alinyamaza, akachukua karatasi akaandika "kodi, miezi 6" chini ya hesabu zake, na jana usiku alibisha hodi kwa nyanya kama kawaida. Nyanya naye Jumanne alikuwa na kliniki yake ya presha. Daktari akampima, akamwandikia dawa, akamwita anayefuata. Nyanya hakuinuka. "Mbona hujaniuliza nina wasiwasi gani?" Daktari alicheka, akatazama foleni iliyokuwa imefika mpaka ngazini, akaweka kalamu chini.