Daktari aliyepasua usiku kucha: asubuhi asimame tena na orodha, au akalale?

FOREST YA ZAMANI
Wakuu, tuliseme hili wazi. Daktari bingwa wa upasuaji anaingia kazini Jumatatu saa 1:30 asubuhi, usiku ndiye wa zamu ya dharura, na Jumanne saa 2 asubuhi yuko mezani tena na orodha, yaani waliopangiwa upasuaji usio wa dharura: tezi dume, goita, ngiri za watoto. Ikifika saa 9:30 alasiri ametimiza saa 32. Pendekezo langu, kuanzia Iringa mpaka Mbeya: aliyeshika kisu baada ya saa 6 usiku asipewe orodha ya kesho yake. Kuna utafiti wa mwaka 1997, mtu aliyekaa macho saa 17 alipimwa akaonekana kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na kwa saa 24 alikaribia 0.10. Dereva wa basi la Tunduma akikutwa na 0.10 anashushwa hapohapo Mbalizi. Na tusisahau kinachowakesha hawa watu: ngiri zilizolala wilayani siku tatu, halafu Ijumaa jioni zinatupwa rufaa.

MZEE WA UYOLE
Mwanangu Forest, orodha unayoifuta ina watu. Mgonjwa wa Kyela amesafiri zaidi ya kilomita 100, amefunga kula tangu usiku, ndugu wawili wametoa damu, na ameacha mavuno ya kokoa shambani. Ukimwambia rudi wiki ijayo, chupa ya damu iliyotengwa kwa ajili yake inapewa mwingine, vipimo vinarudiwa, nauli inalipwa upya. Hospitali yenye wapasuaji wawili, kila mmoja akilala siku moja baada ya zamu, unabaki na orodha ngapi kwa wiki? Piga hesabu hiyo kwanza.

BINTI WA MAKETE
Kamwene wote. Neno "zinatupwa" lifutwe. Mgonjwa wa ngiri iliyokwama anatoka kijijini juu ya Matamba. Siku ya kwanza anakandwa nyumbani, ya pili yuko zahanati na dripu, ya tatu ndipo anafika hospitali ya wilaya. Na huko mtaalamu wa dawa za usingizi ni mmoja. Akiwa likizo au semina, thieta, chumba cha upasuaji, imefungwa hata kama daktari amesimama mlangoni na glavu mkononi. Halafu mgonjwa ateremshwe barabara ya mlimani ya kona 57 hadi Chimala usiku, kwenye ukungu. Aliye mjini anaona Ijumaa jioni tu, haoni Jumatano wala Alhamisi.

THIETA NAMBA MBILI
Mnahesabu saa za daktari, hesabuni na vyombo. Hospitali ina seti mbili za kufungulia tumbo. Ya kwanza imekwenda kwa utumbo uliotoboka kwa taifodi, ya pili kwa majeruhi wa bodaboda mwenye bandama iliyopasuka. Wa tatu anasubiri nini? Vyombo vioshwe kwa brashi, vifungwe, viingie kwenye mashine ya mvuke: nyuzi 121 kwa dakika 30, na ukijumlisha kupasha moto, kutoa mvuke na kukausha ni zaidi ya saa nzima. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Mama anayehitaji kutolewa mtoto kwa haraka naye anapita mbele ya wote, na meza ya usiku ni moja. Daktari anakesha kwenye benchi muda mwingi kuliko anaokesha akipasua. Seti mbili za ziada na mtu wa kutakasa vyombo usiku zingempa saa tatu za kulala bila kumfukuza mgonjwa wa Kyela.

FOREST YA ZAMANI
Binti wa Makete, silifuti. Mtaalamu wa usingizi akikosekana naelewa. Sielewi karatasi iliyoandikwa "ngiri, kwa matibabu zaidi" na mgonjwa aliyefika bila chochote. Mrija wa puani wa kutoa uchafu wa tumboni hauhitaji mtaalamu wa usingizi. Kanula mbili kubwa za kupitishia dripu, ya kijivu au ya kijani, hazihitaji thieta. Mpira wa mkojo ili tujue figo zinafanya kazi, antibiotiki ya kwanza, saa iliyoandikwa, na simu kabla gari halijawashwa. Bila mrija huo akilazwa na kupewa usingizi, anatapika na matapishi yanaingia kwenye mapafu. Na asipowekewa dripu huko, mpasuaji anakesha saa mbili akimjaza maji kabla hajagusa kisu. Na utumbo ukishakufa, kazi ya saa moja inakuwa ya saa tatu, kukata na kuunga, kisha wiki nzima wodini.

BINTI WA MAKETE
Simu kwa nani? Namba zilizobandikwa ukutani ni za watu waliokwisha hamishwa. Muuguzi anayesindikiza ni mmoja, na nyuma ameacha wodi ya wazazi kwa mwenzake peke yake. Mafuta ya gari nayo yanaombwa kwa barua. Wewe unanihesabia kanula! Na hamjauliza habari ya baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 huku juu maji ya dripu yakitoka kwenye rafu ni ya baridi kali, na majeruhi anayevuja damu akipoa, damu haigandi. Hospitali inayompokea iwe na blanketi na maji ya vuguvugu mlangoni, siyo swali la "mbona mmechelewa".

WA SOWETO
Naomba nirudi kwenye swali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kutoka kazini na kurudi. Wasimamizi hukimbilia kifungu cha dharura, kwamba vikomo hivyo havihusu kazi ya dharura isiyoweza kufanywa ndani ya saa za kawaida. Sawa. Utumbo uliotoboka saa 8 usiku ni dharura. Goita ya Jumanne asubuhi siyo. Kifungu kinafunika usiku, hakifuniki orodha ya asubuhi.

MTU WA ILULA
Wenzetu Ulaya walimaliza zamani, saa 40 kwa wiki, basi.

WA SOWETO
Ni 48 kwa wastani, mkuu, pamoja na saa 11 za mapumziko kila siku. Marekani kwa madaktari walio mafunzoni ni 80, tangu 2003.

MTU WA ILULA
Asante kwa kunisahihisha, lakini huko kuna watu wa kupokezana. Hapa mlimani Kitonga malori mawili yakigongana, unampokezana na nani? Tuliwahi kuwa na jibu. Tangu mwaka 1963 nchi hii ilifundisha madaktari wasaidizi, matabibu wenye uzoefu waliorudishwa chuoni kujifunza kupasua, ngiri na uzazi wa dharura vikiwemo. Utafiti wa Mwanza na Kigoma uliona matokeo yao kwa akina mama hayakupishana na ya madaktari. Mafunzo yakasitishwa. Sasa ngiri waliyokuwa wakiimaliza kwa sindano ya ganzi pale pale wilayani inapanda gari kwenda rufaa, nanyi mnashangaa bingwa halali.

FOREST YA ZAMANI
Tusirudi huko. Daktari kamili ndiye anatakiwa wilayani.

MTU WA ILULA
Anatakiwa, ndiyo. Usiku wa leo nani yuko?

THIETA NAMBA MBILI
Rudini kwenye usiku wenyewe. Dharura hazilingani. Kidole tumbo ambacho hakijapasuka kinangoja asubuhi kikiwa kwenye antibiotiki. Mfupa uliotoka nje: antibiotiki ndani ya saa ya kwanza, oshea wodini, funika, usafishaji wa thieta ndani ya saa 24, isipokuwa mguu hauna mapigo au kidonda kina matope ya shambani. Anayevuja damu apewe gramu 1 ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu aumie. Wa saa 9 usiku wabaki wale ambao kungoja kunaua mtu au kiungo. Wengine waingie saa 1 asubuhi kwa mpasuaji aliyelala, na orodha ianze saa 4.

MZEE WA UYOLE
Na wa Kyela anabaki kwenye orodha?

THIETA NAMBA MBILI
Anabaki, Mzee. Ila wawili wa mwisho wataanza jioni, na hapo ni lazima mtu wa usingizi wa pili.

BINTI WA MAKETE
Forest, utumbo uliojisokota je? Huo nao tuuteremshe kona 57?

FOREST YA ZAMANI
Ukiwa na sigmoidoskopu ngumu, bomba la kuchungulia utumbo kupitia njia ya haja kubwa, jaribu kwanza huko huko. Mgonjwa alalie ubavu wa kushoto, mrija mlaini wenye jeli nyingi upite ndani yake taratibu, usisukume kwa nguvu. Upepo na kinyesi vikitoka tumbo litashuka palepale. Ushone mrija kwenye ngozi, uuache siku mbili au tatu, kisha mlete mchana. Ukiona maji yenye damu, homa, au tumbo gumu kama ubao, acha. Huyo mlete usiku huo huo, na mrija wa puani.

BINTI WA MAKETE
Namba ya simu ya zamu iandikwe hapa, ya kituo, siyo ya mtu.