Mazoezini simba, kwenye mechi mkono unakufa ganzi. Wacheza tenisi naombeni ushauri

Mwokota Mipira

Wakuu habari za jioni. Huu uzi ni kwa wanaocheza tenisi au waliowahi kucheza, wale wa "huo mchezo wa wazungu" piteni kimya kimya, nyuzi za Simba na Yanga zimejaa humu.

Nina miaka 26, nipo Dar. Tenisi sikusomea popote, niliingia uwanjani nikiwa darasa la sita kama bolboi, naokota mipira ya wanachama wa klabu baada ya shule, unapewa jero, siku mtu akiwa na furaha buku, wakiondoka sisi tunachukua raketi zilizokatika nyuzi tunapiga ukutani mpaka giza linaingia. Ndo shule yangu hiyo. Saa hizi asubuhi nafundisha watoto wa wanachama, jioni mtu akikosa wa kucheza naye ananilipa nacheza naye, maisha yanaenda.

Sasa tatizo. Kuna jamaa mmoja mwanachama nacheza naye sana, mazoezini namfunga 6-1, 6-2, hata fulana hailowani. Mwezi uliopita kwenye mashindano nikapangwa naye robo fainali. Seti ya kwanza 6-3 yangu. Ya pili naongoza 5-2, nasevu mimi (naanzisha mpira), 40-15, yaani nikipata moja tu ya pointi mbili zilizo mkononi mechi imeisha, nikaoge. Nikageuza macho pembeni kwenye viti. Wapo wazazi wa watoto ninaowafundisha, na yupo mzee mmoja nilikuwa namwokotea mipira toka nina miaka 12. Sijui kilinipata nini. Dabo folti, yaani servisi zote mbili nimekosa, pointi ya bure kwa jamaa. Nikasema tulia. Dabo folti tena. Nikiurusha mpira juu nauona uko mbaaali, mkono mzito kama nimebeba mchi wa kinu. 5-3, 5-4, 5-5, seti ikaenda 7-5, ya tatu nikala 6-1. Jamaa kuja kunipa mkono ananiambia "pole, umechoka eeh". Sikuchoka wakuu. Ningekuwa nimechoka wala nisingeandika hapa.

Hii ni mara ya nne staili hiyo hiyo. Nimesikiliza motivesheni za kwenye simu mpaka bando likaisha, nimejaribu kutokula, nimejaribu kula sana. Mwalimu mmoja wa zamani akaniambia "kuwa mwanaume". Nikuwe mwanaume zaidi ya hivi vipi? Mwezi ujao kuna mashindano mengine, nisaidieni.

Kipanga wa Tanga

Mkuu hapo umechezewa, huyo mwanachama kashapita Sumbawanga 😂😂 Kesho nenda ukapekue chini ya wavu utakuta kitu kimefungwa kitambaa chekundu.

Natania, nakaa hapa kusubiri wajuzi.

Jirani wa Upanga

Sali kabla ya mechi mdogo wangu. Na ulale mapema. Mengine ni kelele.

Servisi ya Pili

Mwokota Mipira kabla watu hawajaanza kukushauri mambo ya saikolojia jibu maswali yangu mawili. Raketi wakati wa kusevu unaishikaje, kama shoka au kama kikaango cha mayai? Na servisi ya kwanza ikienda nje, ya pili unafanyaje?

Mwokota Mipira

Servisi ya Pili daah mkuu umenishika pabaya. Kikaango. Tulijifunza hivyo hivyo kwa kuangalia. Ya kwanza naitwanga kweli kweli, ya pili naisukuma tu iingie.

Servisi ya Pili

Nilijua. Sasa sikiliza, watu wote watakwambia akili akili, mi nakwambia nusu ya ugonjwa wako ni huo mkono. Kitu cha kusukuma mazoezini kinaingia kwa sababu mkono umelegea, mechini misuli ikikaza hata kidogo tu, sentimita kadhaa, mpira uko kwenye wavu au umetoka nje, na wewe mwenyewe ndani ya roho unajua kwamba servisi yako ya pili ni ya kubahatisha. Kwa hiyo ile hofu yako wala sio ujinga, mwili unakwambia ukweli. Unataka kujiamini na kitu ambacho hakiaminiki?

Shika kama umeshika shoka. Utaona vibaya wiki mbili, mipira itaenda kila mahali, vumilia. Mpira unausugua kuanzia chini kwenda juu kwa kasi ile ile ya mkono, usipunguze, hapo ndo wengi wanakosea, wakiogopa wanapunguza mkono. Wavu pale katikati una sentimita 91 tu, wewe upitishe juu kabisa hata mita moja kutoka kwenye wavu, ule msuguo ndo utaushusha chini. Mkono ukienda kwa kasi ndo unaingia.

Muulize Sabalenka, yule dada wa Belarus. Mwaka 2022 alipiga dabo folti zaidi ya 400, ilifika hatua anasevu kwa chini kama mtoto, analia uwanjani, watu wakasema dada kichwa kimekufa. Alichofanya akamtafuta mtaalamu wa mwendo wa mwili wakaitengeneza upya servisi. Januari 2023 akabeba Australian Open. Na hata siku hiyo ya fainali, pointi ya kwanza ya ubingwa alipiga dabo folti! Akachukua ubingwa kwenye pointi ya nne.

Tajiri Mtoto

Mnampotezea muda kijana. Roho ngumu mtu anazaliwa nayo, kama huna huna. Fundisha watoto upate hela mashindano waachie wenyewe.

Servisi ya Pili

Tajiri Mtoto wenyewe akina nani? Federer alizaliwa na roho gani, maana Wimbledon 2019 alikuwa anaongoza 8-7 seti ya tano, 40-15, anasevu yeye, kama kijana wetu huyu huyu kasoro viti tu, na akapoteza kwa Djokovic. Mechi nzima Federer alishinda pointi 218 mwenzake 204, bado kombe likaenda Serbia. Na mwenyewe mwaka 2024 akihutubia wahitimu wa chuo cha Dartmouth kule Marekani akasema kashinda karibu asilimia 80 ya mechi zake ila pointi alizoshinda ni asilimia 54 tu. Maana yake karibu nusu ya pointi za maisha yake alikuwa anakosa. Wewe Mwokota Mipira ukikosa moja unafanya msiba.

Msee wa Parklands

Niaje bro, salamu kutoka Nairobi. Hiyo ya servisi nakubali lakini kuna kitu hamjamwambia. Kati ya pointi na pointi sheria inakupa sekunde 25, na mkibadilishana upande ni sekunde 90. Ukihesabu mechi ya masaa mawili, muda mpira unachezwa ni kidogo sana, muda mwingi unatembea tu na akili yako. Sasa wewe huo muda ulikuwa unaangalia viti!

Mimi nilikuwa na shida kama yako, mpaka kochi akanipa kazi ndogo ndogo za kufanya kila pointi ikiisha. Ukishinda ama ukipoteza ni hiyo hiyo. Unageukia ukuta wa nyuma, raketi unaihamisha mkono wa kushoto ndio ule wa kulia upumzike, unaanza kurekebisha nyuzi na vidole, macho yasitoke kwa nyuzi. Unapumua kutoa hewa polepole kuliko unavyoingiza. Halafu unaamua jambo moja pekee, mfano "nasevu kwa bekhendi yake", ule upande wake wa pili usio wa mkono anaoshikia raketi. Sio "nisikose". Ukijiambia nisikose umeshauona mpira ukikosa. Unadunda mara nne, hesabu ile ile kila siku, unasevu. Mwanzo itakuwa kama mchezo wa kuigiza manze, lakini mwili ukizoea hata kama moyo unakimbia mikono inajua ratiba.

Na sisi huku tuko na Angella Okutoyi, amelelewa na bibi yake, si mtoto wa klabu. 2022 Wimbledon dabo za wasichana akicheza na yule Mholanzi Rose Marie Nijkamp, wakapoteza seti ya kwanza 6-3, wakarudi ya pili 6-4, halafu taibreki ya mwisho, zile pointi za kuamua mechi badala ya seti ya tatu, 11-9. Mkenya wa kwanza kushika taji la vijana la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi, kwa tofauti ya pointi mbili bro. Na mmoja wa wale Wakanada waliopoteza siku hiyo ni Victoria Mboko, 2025 akashinda mashindano makubwa ya kwao Montreal akimfunga Naomi Osaka wa Japani fainali. So hiyo 5-2 yako haijaandikwa mahali.

Babu wa Maskati

Assalam aleikum vijana. Mie mzaliwa wa Unguja ila Maskati nimekaa umri, na mwaka 1993 tulikaa mbele ya televisheni fainali ya wanawake Wimbledon, Jana Novotna na Steffi Graf. Seti ya tatu Novotna anaongoza 4-1, anasevu, 40-30, pointi moja tu awe na 5-1. Akapiga dabo folti. Wallahi toka hapo hakupata gemu tena, Graf akachukua tano mfululizo. Kwenye kupokea zawadi bibi wa watu akaangua kilio kwenye bega la Duchess wa Kent, yule wa familia ya kifalme ya Uingereza, na sie sebuleni mke wangu analia, na wala hakuwa akijua hesabu za tenisi.

Akarudi fainali 1997, akapoteza. 1998 akashinda. Miaka mitano yakhe. Nawe mara nne tu ushachoka?

Mwokota Mipira

Babu wa Maskati shikamoo mzee wangu. Hiyo nilikuwa siijui, imenigusa.

Mama Wawili Mwanza

Nimesoma uzi wote na naona mmempita pembeni. Kaka, ungekuwa na tatizo la servisi tu ungekosa na mazoezini. Ungekuwa na tatizo la pumzi ungekosa pia seti ya kwanza. Wewe ulikuwa sawa mpaka ulipomwona yule mzee.

Mimi nilikuwa karani wa ofisi klabu moja, hapohapo nikajifunza kucheza. Siku ya kwanza kucheza na mke wa bosi kila nikipata pointi nasema samahani. Samahani, samahani, samahani, nikaongoza 4-0 na samahani zangu, halafu nikapoteza 6-4. Nyumbani mume wangu akaniuliza, samahani ya nini, ulimwibia? Nikakosa jibu. Ukweli nilikuwa najiona nimevaa viatu vya kuazima, saa yoyote mwenyewe atakuja kuvidai. Mkono wako haukufa kwa sababu unaogopa kushindwa. Kushindwa umezoea, hata pole ya jamaa ulipewa ukaipokea. Ulikuwa unaogopa kumaliza, mbele ya watu wanaokujua kama kijana wa mipira.

Angalia hata jina ulilojiita humu ndani.

Cha kufanya, mazoezini acha kucheza kuanzia 0-0, huko wewe huna shida. Mwambie mwenzako tuanze 5-2, 40-15, nasevu mimi, na tuweke soda, na uite watu wakae kwenye viti, hata bolboi watano wakupigie kelele. Fanya hivyo kila jioni. Na huyo mzee mwombe siku moja mcheze, wewe na yeye, si kazi ya kulipwa. Mfunge.

Na kingine kidogo, mpira wake ukitoka nje sema "auti" kwa sauti, najua unanong'ona. Usipokuwa na hakika pointi ni yake, ndo sheria, lakini ukiuona wazi useme kama mtu mzima.

Kipanga wa Tanga

Mama Wawili Mwanza dada umempiga mpaka mimi nimeumia huku Ngamiani.

Mwokota Mipira

Mama Wawili nimesoma mara tatu nikazima simu. Auti ni kweli nanong'ona. Umejuaje?

Servisi ya Pili

Sawa nakubali Mama Wawili kanizidi. Ila asiache shoka!

Mwokota Mipira

MREJESHO wakuu, nilichelewa, mashindano yaliisha Jumapili.

Wiki mbili za shoka zilikuwa aibu tupu, mtoto mmoja wa miaka 9 ninayemfundisha akaniuliza ticha unaumwa? Soda nimenunua kama kreti moja na nusu hivi, maana bolboi walivyojua kuna soda kwenye 5-2 walikuwa wanazomea kama uwanja wa Taifa. Na mzee nilimwomba tucheze. Alishangaa kidogo, akakubali, nikamfunga 6-0, 6-1, hiyo gemu moja aliipata kihalali, sikumpa.

Mashindano, raundi ya kwanza nikapita. Robo fainali nikapita. Nusu fainali nani? Jamaa yule yule. Seti tukagawana moja moja, ya tatu naongoza 5-4 nasevu, 40-30. Moyo ulikuwa unapiga wakuu msidanganywe, ile kitu haijaondoka, magoti yalikuwa yanacheza. Nikageukia ukuta, nyuzi, pumzi, nikaamua bekhendi. Ya kwanza nje. Ya pili nikausugua na mkono wote ukaingia, jamaa akarudisha mpira mmoja kwenye mstari ambao sijawahi kumwona anapiga toka nimjue. Nikasema "safi" na ilikuwa safi kweli. Tukaenda taibreki, nikapoteza 7-5. Dabo folti mechi nzima tatu, na hakuna hata moja kwenye pointi ya mwisho.

Nilikasirika sana usiku ule ila sio kama zamani, zamani nilikuwa naona aibu, safari hii nilikuwa na hasira tu. Kesho yake mzee kanipigia, anataka saa moja asubuhi nicheze naye. Nikamwambia saa moja nina mtu, labda saa mbili na nusu. Zamani ningemfuta huyo mtu. Akaja saa mbili na nusu.

Mama Wawili Mwanza

Badilisha na jina sasa.

Mwokota Mipira

Hapana hili nimelipenda, nabaki nalo.

Kipanga wa Tanga

Kwa hiyo mganga tusitafute tena? Maana nilishalipa nusu 😂