Buku la koko halina jalada: linaitwaje, na hadithi ya kichochoro inaishaje?

Mshonaji wa Katindo (Goma)

Jambo yenu wote. Naomba msaada kwa wanaojua mabuku ya zamani ya Kifaransa.

Nina buku moja nene, la kushikika mkononi, limejaa hadithi fupi za mizimu, meli zilizopotea na nyumba zinazomeza watu. Jalada halipo na kurasa za mwanzo zimeondoka, kwa hiyo sijui jina lake wala mwandishi. Kwenye kipande cha mgongo kilichobaki kuna ndege mdogo mwenye mdomo mrefu kama korongo. Mwishoni limeandikwa neno Verviers.

Lilikuwa la koko, baba wa mama. Alikuwa karani kwenye shamba la kahawa upande wa Rutshuru. Tarehe 17 Januari 2002 volkano iliposhuka mjini, mama alibeba mdogo wangu mgongoni, na koko akabeba kifurushi kimoja cha kitenge: kitambulisho chake, hati ya kiwanja, na buku hili. Nilikuwa na miaka sita. Jalada lilipotea kwenye msukumano wa kuvuka kwenda Gisenyi.

Jioni, mama akiwa bado anapuliza mbabula, koko alitusimulia hadithi moja ya humo kwa Kiswahili. Mwalimu fulani anaona kichochoro ambacho hakuna mwingine anayekiona. Koko alikiweka Birere, mtaa wa hapa Goma. Mwalimu anamsimamisha kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: "Hapa kati ya duka la mbegu na duka la pombe, unaona nini?" Kijana anajibu, "Ukuta, mwalimu. Ukuta tu." Koko alikuwa akisema neno hilo *ukuta* polepole huku akigonga ubao wa kiti chake, nasi tunasogeleana.

Kwake hadithi iliishia hapo karibu: kichochoro kinajifunga nyuma ya mwalimu, na hadi leo ukiweka sikio ukutani usiku unamsikia anagonga.

Koko amefariki. Mwezi uliopita nilianza kulishona buku upya, maana ndiyo kazi yangu, nikagundua kwamba kurasa za mwisho za hadithi hiyo zimechanika. Ninataka kujua jina la buku, na kama kweli linaisha kwa kugonga. Nina watoto wawili na nataka kuwasimulia vile ilivyo.

Muuza mabuku, Lubumbashi

Dada, huyo ndege ndiye alama ya Marabout, nyumba ya uchapaji ya Ubelgiji iliyoanzishwa mwaka 1949 huko Verviers. Mabuku yao yalijaa hapa kwetu. Mpaka leo nikitandaza turubai langu kando ya barabara, wazee husimama kwa ajili ya riwaya za Bob Morane za Henri Vernes kabla ya kitu kingine chochote. Hadithi za kutisha zenyewe zimekuwa adimu. Aliye nazo hauzi.

Tafadhali usiweke skochi, ule utepe wa kunata. Gundi yake inageuka rangi ya chai na kula maandishi, na nimetupa mabuku mazuri kwa sababu hiyo. Umesema unashona: unatumia uzi gani?

Mshonaji wa Katindo

Aksanti sana, kaka. Nilianza na uzi wa nailoni wa cherehani, ukakata karatasi kama kisu kwenye mkate. Nikaufumua. Sasa natumia uzi wa pamba nilioupitisha kwenye nta ya mshumaa, natoboa kwanza kwa sindano nyembamba, matundu matano kwa kila fungu, mbali kidogo na ukingo. Mgongoni nimebandika kipande cha amerikani kwa uji wa unga wa ngano. Linafunguka vizuri, ila kurasa zimekuwa njano na pembe zinavunjika nikizigusa.

Kijana wa Kadutu, Bukavu

Mama, kwa heshima, huogopi kuweka kitu hicho ndani ya nyumba yenye watoto? Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba hadithi za mizimu zinafungua mlango.

Mshonaji wa Katindo

Mdogo wangu, nakuelewa, na mimi pia nasali. Lakini koko alizaliwa chini ya Nyiragongo, mahali ambapo wazee walisema roho zisizotulia huenda kuungua ndani ya ule mlima. Hofu tulikuwa nayo kabla ya buku. Yeye alitufundisha kukaa nayo pamoja, watu wanane kwenye mkeka mmoja. Ninachokumbuka zaidi ni joto la bega la dada yangu.

Mwalimu mstaafu, Bukavu

Binti yangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili kisha nikaenda kufungua sanduku. Mimi ninalo, na jalada lake lipo. Linaitwa *Les 25 meilleures histoires noires et fantastiques*, la Jean Ray, la mwaka 1961. Hadithi yako ni *La ruelle ténébreuse*.

Jean Ray ni jina la kalamu. Alikuwa Mbelgiji wa Ghent, Raymond de Kremer, aliyezaliwa mwaka 1887 na kufariki mwaka 1964. Alifungwa gerezani miaka ya 1920 kwa mambo ya fedha, na hadithi hii aliiandika humo kifungoni. Tangu nilipojua hilo naisoma kwa namna nyingine: mtu aliyezungukwa na kuta anaandika juu ya njia ambayo wengine wanaiona kuwa ukuta.

Mwanzo wake unakumbuka? Bandarini Rotterdam wanashusha balo za karatasi kuukuu, na ndani yake msimulizi anapata maandishi mawili, moja la Kijerumani, moja la Kifaransa. La Kifaransa ndilo la mwalimu wako. Mji ni Hamburg. Anaingia kichochoroni, anaiba vyombo na kuviuza kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, anarudi, na kila nyumba anayoifungua ni ileile.

Sasa mwisho. Kama unataka kuusoma mwenyewe, ruka hapa. Hakuna kugonga. Mwalimu anakichoma kichochoro moto, na moto hauishii humo, unauvamia mji. Hamburg iliungua kweli, tarehe 5 hadi 8 Mei 1842.

Mshonaji wa Katindo

Mwalimu, shikamoo. Nimeusoma ujumbe wako nikiwa dukani, nikasimamisha cherehani.

Nimempigia yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, simu Beni. Ana miaka kumi na miwili zaidi yangu, alianza kumsikiliza koko zamani. Nikamwuliza tu, "Kichochoro kinaishaje?" Akajibu bila kufikiri: "Mwalimu anawasha kiberiti, Birere yote inaungua, na sisi tunakimbilia ziwani." Nikamwuliza lini alisikia hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kabla ya volkano. Baadaye sikusikia tena."

Birere iliungua, mwalimu. Tuliporudi kutoka Gisenyi mawe yalikuwa bado na moto chini, kandambili zangu zilinata. Tulikuwa wadogo, hatukulala usiku, na koko akaondoa moto kwenye hadithi, akaweka mtu anayegonga. Miaka yote hiyo buku lilikuwa mfukoni mwa koti lake na hakuna aliyelifungua kumsahihisha.

Sijui tena kama hizo kurasa zilichanika zenyewe.

Mwalimu mstaafu, Bukavu

Mwanangu, niandikie namba yako kwenye ujumbe wa faragha. Macho yangu hayapigi picha vizuri, lakini sauti ninayo. Jumapili baada ya misa nitakusomea kurasa hizo za mwisho kwa WhatsApp, Kifaransa kwanza, halafu Kiswahili.

Mshonaji wa Katindo

Aksanti, papa. Nitakuwa na yaya kwenye simu nyingine. Watoto nitawapeleka kwa shangazi yao siku hiyo. Nimeacha karatasi nne nyeupe kwenye mshono, mahali palipochanika.