Naomba ushauri: binti yangu anachora manyoya, magamba na gome kwa mistari ileile

Habari za jioni ndugu zangu. Nina binti wa miaka 6, tunakaa Mbagala. Anapenda sana kuchora, na maumbo anayapatia: kuku wake ni kuku kweli. Shida ni ngozi ya vitu. Manyoya ya kuku, magamba ya samaki, gome la mwembe, vyote anavijaza mistari ileile, halafu analia kwamba havifanani.

Nilimwonyesha kuweka karatasi juu ya mkeka, kisha juu ya jani upande wenye mishipa, na kusugua kwa ubavu wa krayoni. Alifurahi mno alama zilipojitokeza. Jumapili nikampeleka Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, akaduwaa mbele ya chui na madoa yake. Lakini akichora mwenyewe, yaleyale. Penseli yetu ni HB ya shule.

Nimsaidieje avuke kutoka kusugua hadi kuchora kile anachokigusa, bila mimi kumshika mkono? Na kwa umri huu, nimtafutie penseli laini kama 2B au 4B, au HB inamtosha kwanza? Naogopa asije akaichoka karatasi.