Tuliopuliza filimbi Dodoma tupeane uzoefu: chama chetu cha waamuzi kimetoka wapi?

Wakuu, mbukwenyi.

Timu ya Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2020, mji mzima ulijaa historia ya soka la Dodoma: wachezaji wa zamani, makocha, hata wauza tiketi wa Uwanja wa Jamhuri. Waamuzi hawakutajwa. Sisi tuna chama cha mkoa chini ya FRAT, chama cha waamuzi wa soka Tanzania; kina wazee waliochezesha tangu enzi za FAT, chama cha soka cha taifa, kabla haijawa TFF mwaka 2004, na sehemu kubwa ya habari zake imo vichwani mwa watu. Wazee wanatutoka. Aliyewahi kuchezesha, kushika kibendera, kuwa kamisaa wa mechi au hata kuweka chokaa uwanjani, aandike hapa alichokiona kwa macho yake. Wa Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi, Chemba na Chamwino msijifiche nyuma ya wa mjini.

Mwamuzi mstaafu, Mpwapwa

Asante mwanangu kwa kutukumbuka. Mimi naanza na ile sheria ya 1992, ya kipa kutodaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Huku wilayani ilitufikia kwa semina ya chama. Mkufunzi alichora uwanja chini kwa kijiti, akapanga mawe kuwa wachezaji, tukaelewa. Kazi ikawa kwa watazamaji, maana wao semina hawakuhudhuria.

Mechi ya kwanza niliyoitumia, beki akamrudishia kipa wake, kipa akadaka kama alivyozoea miaka yote. Nikapuliza, nikanyoosha mkono juu kuonyesha ni faulo isiyo ya moja kwa moja, ndani ya boksi. Uwanja ukavamiwa. Walidhani nimetoa penalti ya bure. Mwenzangu wa kibendera alikuja kusimama nami bega kwa bega, na mwenyekiti wetu wa wilaya, ambaye siku hiyo alikuwa mtazamaji tu, akaingia uwanjani kuwaeleza wazee wa kijiji sheria mpya hatua kwa hatua. Mechi ikaendelea. Chama kwangu ndicho kile: mtu aliyeacha kiti chake akaja kusimama na mwamuzi.

Mwamuzi wa daraja la pili, Kondoa

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa.

Sisi hadithi yetu ni njia. Kabla ya lami ya kwenda Babati, kutoka Kondoa kwenda mjini kwenye semina ulipanda basi alfajiri ukashuka umekuwa mwekundu kwa vumbi, na nauli umeikopa. Kuna mashindano, waandaaji siwataji, tulichezesha hadi fainali tukaambiwa posho inafuata. Haikufuata. Viongozi wa chama wakachangishana mifukoni mwao tukapata ya kurudi nyumbani. Jambo hili naomba liandikwe wazi, kwa sababu wapo wanaodhani chama ni cha kukata ada tu.

Mtunza uwanja wa zamani, Chang'ombe

Sikuwahi kupuliza filimbi, ila mistari nimeweka sana. Wageni hawaujui upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti. Ukimwaga chokaa kavu saa nane, saa kumi mstari umeshahamia kwa majirani. Mwamuzi mmoja mzee ndiye alinifundisha kuikoroga na maji iwe kama uji mzito, kuimimina kwa kopo lililotobolewa, na kuanza na boksi kabla ya mistari ya pembeni, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia kwenye boksi. Alikuwa akifika mapema kuliko timu zote mbili, anazunguka na nyavu, anavuta kila fundo kwa mkono wake. Vibendera vyao walishonesha kwa fundi pale Majengo, kitambaa chekundu na cha njano.

Mwamuzi msaidizi, Nkuhungu

Habari zenu kaka zangu, na shikamooni wazee. Mimi nimetokea kwenye netiboli, nikavutwa na dada mmoja wa chama aliyenikuta nachezesha UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Kipimo cha mbio ndicho kinachotuchuja: mita 30 mara tano kwa kasi, kisha unakimbia mita 75 na kutembea 25, mara 40, yaani mizunguko 10 ya uwanja. Jua la hapa mnalijua. Tunafanya mazoezi alfajiri, na wenzangu wa kiume hawajawahi kuniacha nikimbie peke yangu barabarani kukiwa bado giza.

Januari 2022, Salima Mukansanga wa Rwanda alipochezesha Zimbabwe na Guinea kule AFCON, mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati kwenye mashindano hayo, tulikaa pamoja kuitazama. Baada ya hapo wasichana walianza kuuliza kozi ya daraja la tatu inaanza lini. Ningependa wazee watuambie: mwanamke wa kwanza kuchezesha mpira wa miguu mkoani kwetu alikuwa nani, na alitokea wilaya gani?

Mwamuzi mstaafu, Mpwapwa

Binti yangu, namfahamu mmoja wa mwanzo, alikuwa mwalimu. Nitamtafuta kwanza anipe ruhusa ndipo niandike. Kuna pia daftari la mahudhurio ya semina za zamani, kurasa zimeliwa na mchwa pembeni ila majina yanasomeka. Jumamosi nitakuja nalo mjini, mwenye simu nzuri anipigie picha kila ukurasa.