Ushauri: namna ya kuizoesha mota mpya ya kaboni ya gari la rimoti

Mgeni wa Rimoti

Wakuu, habari za wakati huu. Ninalo gari la rimoti la Tamiya, aina ya TT-02, nililoliunganisha mwenyewe kutoka kwenye boksi, na mota yake ni ile ya kaboni ya ukubwa wa 540 yenye kopo la rangi ya fedha. Siku ile ile nilipokaza skrubu ya mwisho niliweka betri iliyojaa nikalikimbiza, na kwa tamaa ya mbio nilikuwa nimeshaitoa ile gia ndogo ya meno 22 inayokuja na gari nikaweka ya meno 25. Baada ya wiki tatu gari likaanza kuishiwa nguvu, mota ikawa inachemka kiasi cha kutoshikika, na nilipochungulia kwenye tundu la hewa niliona cheche za rangi ya chungwa zikiizunguka shaba yote. Sasa imekufa. Nimenunua nyingine ya aina hiyo hiyo, na muuzaji ameniambia niitumbukize kwenye glasi ya maji na kuizungusha humo kabla ya kuifunga. Je, ni kweli au alikuwa ananitania? Nawasilisha.

Mafuta ya Cherehani

Hakukutania, mkuu, ingawa mimi nisingeanza na maji. Ndani ya mota yako kuna kaboni mbili zinazosukumwa na springi ziegemee komyuteta, yaani ile shaba ya mviringo iliyogawanyika vipande vitatu. Kaboni mpya haijashika sawasawa umbo la mviringo huo, kwa hiyo inagusa sehemu ndogo tu, na umeme wote unaolisukuma gari unalazimika kupita kwenye sehemu hiyo. Ukiipa betri kamili katika hali hiyo, cheche zinakuwa kubwa, shaba inaungua na kufanya vijishimo, na vijishimo hivyo vinazidi kuila kaboni. Kuizoesha mota ni kuipa kaboni nafasi ya kujichonga taratibu.

Chukua betri mbili kubwa za tochi, zile nene, uziunganishe mfululizo upate volti 3, na uizungushe mota ikiwa mkononi au kwenye jiliwa, bila gia wala mzigo wowote, kwa upande ule ule itakaozungukia garini. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, lakini ipumzishe ikipata joto. Mwanzoni utasikia mlio wa kukwaruza, kama kijiko kwenye sufuria kavu, kisha mlio utalainika na mwendo utaongezeka wenyewe bila wewe kuongeza chochote. Ukimaliza, pulizia ndani dawa ya kusafishia vifaa vya umeme ili utoe vumbi jeusi, iache ikauke, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bushi, yaani kile kipete kinachoshikilia shafti, ya kila upande. Nasema tone moja, kwa sababu mafuta yakifika kwenye komyuteta yanachanganyika na unga wa kaboni na kuwa tope.

Vumbi Jekundu

Naomba kutofautiana kidogo na mkuu hapo juu. Anachosema kuhusu kaboni ni sahihi, ila sidhani kama ndicho kilichoiua mota ya ndugu yetu. Mota hizi zilizofungwa moja kwa moja zinavumilia sana. Kilichoiua ni yale meno 25, kwa kuwa gia ndogo ikiongezwa meno, mota inabeba mzigo mzito zaidi kila gari linapoondoka, inavuta umeme mwingi, na joto likizidi hata springi za kaboni zinalegea. Tena TT-02 hutoka na bushi za plastiki badala ya beringi, na mchanga ukiingia humo gari linakuwa kama limefungwa breki. Ondoa tairi zote, zungusha ekseli kwa vidole uone kama inateleza.

Kuhusu maji, yanaharakisha kazi kweli na yanapooza mota, lakini yanakula kaboni haraka na kuosha mafuta ya bushi. Mota yako haifunguki ubadilishe kaboni, kwa hiyo kila unachokisaga humo hakirudi.

Mgeni wa Rimoti

Nawashukuru wote wawili. Nimetumia betri za tochi jana usiku, na kwenye dakika ya nane hivi mlio ulibadilika kweli, hadi mke wangu akauliza kama nimeizima. Nimerudisha gia ya meno 22. Ekseli za nyuma zilikuwa ngumu kama alivyosema Vumbi Jekundu, na bushi moja ilikuwa imelika upande mmoja ikawa na umbo la yai, hivyo nimeagiza beringi za gari zima. Leo nimelikimbiza betri moja na mota imetoka na joto la kawaida, naishika bila kuutoa mkono. Swali moja limebaki: mafuta niongeze kila baada ya muda gani?

Mafuta ya Cherehani

Kila baada ya betri tano au sita, na mapema zaidi ikiwa umepita kwenye vumbi. Futa shafti kwanza kwa kitambaa kikavu, la sivyo tone litauingiza mchanga ndani ya bushi.