Mnaouza "SVG" ambayo ndani yake ni picha tu, mtaacha lini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi nakata stika za bajaji na daladala. Wiki iliyopita nilinunua michoro 300 ya SVG, yaani faili za mchoro wa mistari ambayo kisu cha mashine ya stika kinaifuata, kwa 25,000 kwa jamaa anayejinadi kwenye magrupu ya WhatsApp: "SVG safi, tayari kwa mashine." Juzi jioni kaja dereva wa bajaji, anataka simba kioo cha nyuma, alfajiri anaingia barabarani. Nafungua faili, nakuza: manyoya yana ngazi ngazi pembeni. Roho ikanidunda. Nikaifungua kwa Notepad. SVG ya kweli ni maandishi, kila mstari wa mchoro unauona mle kama path na namba zake. Humu nakuta image moja, base64 (picha iliyogeuzwa kuwa herufi), kisha herufi zisizo na mwisho. Yaani muuzaji kachukua PNG, picha ya kawaida ya vitone, kaitumbukiza ndani ya SVG, kauza! Kisu cha mashine kinafuata mstari. Mstari haupo, kikate nini?

Nikajaribu kuokoa kazi kwa Trace Bitmap ya Inkscape, programu ya kuchorea; hiyo inageuza picha kuwa mistari. Kapicha kadogo vile, kila ngazi ikageuka nukta za kuunda mstari, nukta maelfu. Mashine ikafika kwenye sharubu ikawa inatetemeka, kisu kinanyanyua stika badala ya kuikata. Na kila unywele umekatwa mara mbili, upande huu na upande huu, mwembamba kama uzi. Nilipoanza kuchambua, yaani kubandua stika isiyotakiwa, zikang'oka zote. Mita moja na nusu ya stika nyeusi ikaenda jalalani, saa saba usiku.

Kumwandikia muuzaji, ananijibu "mashine yako mbovu, kaka". Mashine hiyo hiyo, kabla ya adhana ya alfajiri, ilimkata simba niliyemchora upya mwenyewe, mstari kwa mstari, na haikukwama popote.

Kuandaa faili ni kazi. Unafunga mistari iliyo wazi, unaunganisha herufi zinazopandana ili kisu kisipite katikati yake, unapunguza nukta hadi mkunjo uwe laini. Hiyo ndiyo niliyoilipia! Kama hujaifanya, andika PNG, uza kwa bei ya PNG.

Nyie mnaotaka kununua, ombeni kwanza faili moja, mlifungue kwa Notepad kabla hamjatuma hela. Mimi nataka 25,000 yangu. Tangu jana kaniblok.